Kujifunza upimaji wa kisaikolojia: mwongozo kamili kwa mwanafunzi anayeanza

Mwanafunzi anayeingia darasa la upimaji wa kisaikolojia huwa amekuja na hamu ya kusoma watu. Anataka kuoneshwa madoa ya wino ya Rorschach, anataka kujua mtu akichora nyumba isiyo na dirisha maana yake nini. Wiki za mwanzo anapewa wastani, mkengeuko sanifu na namba zenye desimali, na anaanza kujiuliza kama amekosea mlango.

Hajakosea. Upimaji wote umesimama juu ya swali moja: namba hii niliyoipata, niiamini kiasi gani, na kwa jambo gani? Majina ya vipimo yanabadilika, matoleo mapya yanatoka, lakini swali hilo halihami. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa mfuatano ambao natamani mimi mwenyewe ningepangiwa. Nyingine ni ndefu kwa sababu ndipo watu wanapoanguka, na nyingine utazimaliza jioni moja.

Hatua ya kwanza: hesabu kabla ya majina

Tuseme mtu amefanya jaribio la msamiati lenye maswali 50, akapata 34. Amefanya vizuri? Hakuna awezaye kujibu. Alama hiyo, kama ilivyotoka kwenye karatasi, huitwa alama ghafi, na ikiwa peke yake ni bubu. Inaanza kusema pale unapoiweka kando ya alama za wengine.

Ikiwa watu wa umri wake wana wastani wa 28 na mkengeuko sanifu wa 4 (kwa lugha ya haraka, umbali wa kawaida wa alama za watu kutoka kwenye wastani wao), fanya hivi: 34 toa 28 ni 6, na 6 gawanya kwa 4 ni 1.5. Yuko mkengeuko mmoja na nusu juu ya wastani. Hiyo ndiyo alama z, na ukishaipata unaweza kuhamia mizani yoyote. Mizani ya T, inayopendwa sana katika vipimo vya haiba, ina wastani wa 50 na mkengeuko wa 10, kwa hiyo mtu wetu ana 65. Mizani ya vipimo vya akili vya Wechsler ina wastani wa 100 na mkengeuko wa 15, kwa hiyo angekuwa na takriban 122. Kwa pasentaili (kati ya kila watu 100, amewafikia au kuwapita wangapi) yuko karibu na 93.

Sasa badilisha kundi. Mlinganishe na watu wenye wastani wa 38 na mkengeuko uleule wa 4. Ile 34 inageuka kuwa z ya −1, T ya 40, pasentaili ya 16. Mtu ni yuleyule na majibu ni yaleyale; kilichobadilika ni wale aliosimamishwa nao.

Fanya hesabu za namna hii kwa mkono, karatasi na kalamu, angalau mara ishirini kabla hujaiachia kompyuta. Chora mkunjo wa kengele ubandike mbele ya meza yako: asilimia 68 ya watu wako ndani ya mkengeuko mmoja juu na chini ya wastani, na takriban 95 wako ndani ya mikengeuko miwili. Baada ya muda hutahitaji jedwali.

Kuwa macho na pasentaili, maana ndiyo inayodanganya zaidi kwa sura yake ya upole. Pasentaili ya 60 haimaanishi kwamba mtu amepata asilimia 60 ya maswali. Inamaanisha amewafikia au kuwapita watu 60 kati ya kila 100 wa kundi la ulinganisho. Tena hatua zake hazilingani. Kutoka alama 100 hadi 105 kwenye mizani ya Wechsler unaruka kutoka pasentaili ya 50 hadi ya 63. Kutoka 130 hadi 135, tofauti ileile ya alama tano, unasogea kutoka 98 hadi 99 tu. Mzazi akiambiwa mtoto wake "ameshuka" kutoka 63 hadi 50 atapatwa na kiwewe bure.

Hatua ya pili: uliza kundi la ulinganisho ni akina nani

Hatua hii ni fupi lakini usiiruke. Kila kipimo kizuri kina viwango vya ulinganisho vilivyokusanywa kwa watu fulani, mahali fulani, mwaka fulani. Uliza mambo hayo matatu kila mara.

Mwaka una uzito kuliko unavyodhani. James Flynn alionesha mwaka 1984, kwa takwimu za Marekani, kwamba watu walikuwa wakipata alama za juu zaidi kwenye vipimo vya akili kadiri miaka inavyokwenda, kwa takriban alama 3 kila muongo. Kwa hesabu hiyo, viwango vya miaka 20 iliyopita vinaweza kumpandisha mtu kwa alama kama 6. Kwa aliye katikati, si kitu. Kwa mtoto anayezungukazunguka kwenye 70, mstari unaotumiwa mara nyingi kama sehemu ya kutambua ulemavu wa akili, alama 6 zinaweza kuamua kama atapata msaada au hapati. (Ndiyo maana utambuzi huo hautolewi kwa alama pekee; lazima kuangaliwe pia jinsi mtu anavyojimudu katika maisha ya kila siku.)

Mahali nako si jambo dogo. Robert Serpell, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979, aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza michoro ya kuigiza. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, watoto wa Zambia ndio walioongoza. Kwa udongo wa kufinyanga walikuwa sawa. Angetumia karatasi peke yake, angeandika hitimisho la uongo kwa mkono msafi kabisa.

Hatua ya tatu: jua kwa nini kipimo kilizaliwa

Usikariri tarehe zote. Shika visa vichache vinavyofundisha kitu. Kisa cha kwanza ni cha Alfred Binet na Théodore Simon, Ufaransa, mwaka 1905: walitunga mizani yao ili kuwabaini watoto waliohitaji msaada shuleni. Binet hakuitaka itumike kama muhuri wa kudumu juu ya akili ya mtoto. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akatoa toleo la Kimarekani, na mwaka uliofuata jeshi la Marekani likaanza kupima askari wapya kwa makundi, jumla yao wakafika kama milioni 1.7. Chombo cha kumsaidia mtoto mmoja mmoja kilikuwa kimezaa vipimo vya kuchuja umati. Kila ukikutana na kipimo kipya, uliza kilitungwa kwa kazi gani, kisha uone kinatumiwa kwa kazi gani sasa. Mara nyingi utakuta mwanya.

Hatua ya nne: uthabiti, au namba inayumba kiasi gani

Mzani unaokupa kilo 60 asubuhi na 67 baada ya dakika tano hauna faida. Uthabiti ni kiasi ambacho kipimo hutoa jibu lilelile pale ambapo kitu kinachopimwa hakijabadilika. Kuna njia kadhaa za kuuchunguza: kupima watu walewale mara mbili, kutumia matoleo mawili yanayolingana, kuangalia kama maswali ya kipimo yanaelekea upande mmoja, au kulinganisha wasahihishaji wawili. Ya tatu ndiyo utakayokutana nayo kila kona kwa jina la alfa ya Cronbach, iliyopata umaarufu kutokana na makala ya Lee Cronbach ya mwaka 1951.

Wanafunzi hukariri kwamba alfa ya 0.70 inatosha, wakaishia hapo. Inaweza kutosha kwa utafiti unaoangalia makundi. Kwa uamuzi kuhusu mtu mmoja, wataalamu wengi hutaka 0.90 na kuendelea. Tena alfa hupanda ukiongeza maswali, na ikipanda kupita kiasi inaweza kuwa dalili kwamba umeuliza swali moja kwa maneno kumi tofauti.

Namba ya uthabiti haikusaidii mpaka uigeuze kuwa kosa sanifu la upimaji. Hapa shika kalamu. Toa namba ya uthabiti kwenye 1, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, zidisha kwa mkengeuko sanifu. Kipimo chenye mkengeuko wa 15 na uthabiti wa 0.91: 1 toa 0.91 ni 0.09, kipeuo chake ni 0.3, mara 15 ni 4.5. Kwa uhakika wa asilimia 95 zidisha kwa 1.96, upate karibu 9. Kwa hiyo aliyepata 100 tunamwandika 91 hadi 109.

Rudia kwa uthabiti wa 0.75. Kosa linakuwa 7.5, na ukanda wa asilimia 95 unatanuka hadi 15 kila upande: 85 hadi 115. Huo ni ukanda unaoweza kubeba zaidi ya theluthi mbili ya watu wote. Ukishafanya hesabu hii mara moja, hutamsikiliza tena mtu anayesema kwamba mtoto wa 104 ana akili kuliko mtoto wa 98.

Hatua ya tano: uhalali, au unapima kitu gani hasa

Kipimo kinaweza kuwa thabiti na kisiwe na uhalali. Mzingo wa kichwa ukiupima leo na kesho utapata jibu moja, lakini ukiuita kipimo cha akili unajidanganya. Hili liliwahi kutokea kwa wasomi wa kweli. James McKeen Cattell alikusanya vipimo vya wepesi wa kuitikia, nguvu ya mkono na mambo kama hayo kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, akiamini anagusa akili. Mwaka 1901 mwanafunzi wake Clark Wissler alipovilinganisha na alama za masomo, hakukuta uhusiano wa maana. Mkondo huo wa utafiti ukafifia baada ya hapo.

Kwa hiyo usiulize tu kama kipimo kina uhalali. Uliza kina uhalali kwa matumizi gani, kwa watu gani. Ushahidi hukusanywa kwa miaka: je, maswali yanafunika eneo lote la jambo? Je, kinakubaliana na vipimo vingine vya jambo hilohilo, na kinaachana na vya mambo mengine? Je, kinatabiri kinachodai kutabiri?

Sehemu inayowashangaza hata wahitimu ni ya vipimo vya kuchuja. Chukua kipimo cha sonona kinachonasa asilimia 90 ya wenye tatizo na kuwaacha kwa usahihi asilimia 90 ya wasio nalo. Kitumie kwa watu 1000 ambao 50 kati yao wana sonona. Kitanasa 45. Lakini kati ya 950 waliobaki kitawagonga 95 kimakosa. Waliogongwa jumla ni 140, na wenye tatizo kweli ni 45, yaani asilimia 32. Kipimo hichohicho kwenye kliniki ambako nusu ya wanaokuja wana sonona kitakuwa sahihi kwa asilimia 90 ya kinaowagonga. Karatasi haijabadilika hata nukta. Ndiyo sababu dodoso la sonona kama PHQ-9, lenye maswali 9 na jumla ya 0 hadi 27, mtu akifikisha 10 halijasema ana ugonjwa. Limebisha hodi, na mtaalamu ndiye anayefungua mlango na kuuliza.

Na ujihadhari na uhalali wa hisia, ule wa "mbona imenisema mimi!" Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya haiba zao. Waliyapa usahihi wa wastani wa 4.26 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale. Hata leo dodoso nyingi za haiba zinazosambaa mitandaoni zinaishi kwa kivuli hicho.

Hatua ya sita: soma kitabu cha mwongozo kama mkaguzi

Kila kipimo makini kina kitabu chake cha mwongozo. Chagua kimoja kilichopo maktaba ya idara yako ukisome chote, pamoja na majedwali. Unapokisoma jiulize anayepima anatakiwa awe na sifa gani, kundi la ulinganisho ni lipi, uthabiti umeripotiwa kwa kila umri au ni namba moja tu ya jumla, na ushahidi wa uhalali umeletwa na nani mwingine mbali na muuzaji. Kisha andika ukurasa mmoja: ningekitumia kwa nani, nisingekitumia kwa nani.

Utaona pia kwamba vipimo vimegawanyika pande mbili. Vya uwezo vina jibu sahihi, na mtu anaombwa afanye kadiri ya nguvu zake zote. Vya haiba na dalili havina jibu sahihi, vinauliza mtu huwaje. Tofauti hii inaamua namna ya kudanganya. Kwenye uwezo mtu anaweza kujishusha, kujipandisha ni vigumu. Kwenye haiba anaweza kwenda pande zote mbili, na ndiyo maana MMPI, dodoso maarufu la haiba, tangu ilipochapishwa mwaka 1943, ina mizani za kuchunguza namna mtu alivyojibu.

Hatua ya saba: keti viti vyote viwili

Kwanza kuwa mpimwaji. Mwombe mhadhiri au mwanafunzi wa mwaka wa juu akupime kwa nyenzo za mazoezi. Utajua jasho la kusikia saa inahesabu na sura ya mpimaji isiyokuambia kitu.

Kisha kaa upande wa pili. Nilipofanya zoezi langu la kwanza la kurudia tarakimu, nilizisoma mbilimbili, kama mtu anayetaja namba ya simu. Mwenzangu alirudia mifuatano mirefu nami nikafurahi. Aliyetusimamia akafuta zoezi lote: tarakimu husomwa moja kwa sekunde, kwa sababu ukizifunga mafungu umemfanyia mtu nusu ya kazi. Tangu siku hiyo nafanya mazoezi na saa mkononi.

Makosa mengine ya wanaoanza yanafanana mno. Kusema "vizuri sana" kila jibu likiwa sahihi, mpaka ukimya wako unakuwa tangazo la kosa. Kufafanua swali kwa maneno yako mwenyewe. Kusahau kanuni ya mahali pa kuanzia na pa kuishia. Na kukosea umri, ambao ndio unaokupeleka kwenye jedwali sahihi au la jirani yake. Umri huhesabiwa kwa kutoa. Mtoto aliyezaliwa tarehe 25 Agosti 2016, akapimwa tarehe 12 Machi 2025: siku 12 haziwezi kutoa 25, kopa mwezi kwa siku 30, upate 42 toa 25 ni 17. Miezi imebaki 2, kopa mwaka, 14 toa 8 ni 6. Miaka 2024 toa 2016 ni 8. Ana miaka 8, miezi 6 na siku 17, na kwenye vipimo vya Wechsler siku hizo 17 hazizungushwi ili iwe miezi 7.

Kuhusu watu wa kufanyia mazoezi: wasiwe ndugu zako wala mpenzi wako. Watafute wanaojitolea, wape maelezo, upate ridhaa yao, andika namba badala ya jina, na uwaambie tangu mwanzo kwamba hutawapa alama, kwa kuwa wewe bado ni mwanafunzi na alama zako bado haziaminiki. Usipige picha maswali ya kipimo kilichofungwa ukayasambaza, kikishavuja, kimekufa. Dodoso za sonona usizifanyie mazoezi bila msimamizi. Swali la tisa la PHQ-9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na mtu akiweka alama hapo huwezi kujumlisha tu na kuendelea. Lazima azungumzwe naye wakati huohuo, na awepo mtu mwenye uwezo wa kumpokea.

Hatua ya nane: tunga kipimo chako, kiharibike

Hakuna zoezi linalofundisha kama hili. Chagua jambo dogo lisilo na hatari, mathalani tabia ya kuahirisha kazi. Andika kwa sentensi mbili unamaanisha nini. Tunga kauli 20, kisha uwape wenzako wachache wakueleze kwa maneno yao kila kauli inasema nini. Hapo utaumbuka. "Huchelewa kuanza kazi kwa sababu naogopa kukosea" ni kauli mbili ndani ya moja: mtu anayechelewa kwa uvivu ajibu nini? Geuza kauli kadhaa zielekee upande wa pili, na ukumbuke kugeuza alama zake wakati wa kusahihisha (kwenye mizani ya 1 hadi 5, toa jibu kwenye 6).

Chaguo za majibu nazo zina mitego katika Kiswahili chetu wenyewe. Weka "mara kwa mara" katikati ya "mara chache" na "kila mara", kisha uwaulize watu kumi maana yake. Wapo watakaokwambia ni karibu kila siku, na wapo watakaosema ni ile ya hapa na pale. Dodoso lililotafsiriwa bila kulishughulikia neno hilo lina kosa ndani yake ambalo alfa haitalionesha waziwazi. Mimi huandika idadi ya siku ndani ya wiki, basi.

Toa kauli mbovu ubaki na 10 hivi, uwape watu 30 au zaidi, uwarudie baada ya wiki mbili. Linganisha alama za mara ya kwanza na ya pili. Angalia kila kauli inavyokwenda na jumla ya zilizobaki. Isiyokwenda nazo iondoe au uiandike upya. Watu 30 hawatoshi kukupa kipimo cha kutumia. Wanatosha kukuonesha kwa nini vipimo vizuri huchukua miaka.

Hatua ya tisa: andika ripoti

Ripoti huanza na swali: nani amemleta mtu huyu, na anataka kujua nini? Kisha historia fupi, namna alivyokuwa wakati wa kupimwa (amelala vizuri? amevaa miwani yake? lugha ya kipimo ni yake?), matokeo, tafsiri, mapendekezo. Kila alama iandikwe na ukanda wake. Badala ya "ana kumbukumbu dhaifu", andika: "Kwenye majaribio ya kushika taarifa kwa muda mfupi alipata alama 82, ikiwa na ukanda wa 74 hadi 90, alikuwa akiomba maelekezo yarudiwe, na mwalimu wake ameona hivyohivyo darasani." Sentensi ya kwanza inamhukumu mtu. Ya pili inampa mwalimu kitu cha kufanya Jumatatu asubuhi, kwa mfano kumpa maelekezo kwa hatua fupi na kwa maandishi.

Ukimaliza rasimu ya mazoezi, ondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu, mwombe msimamizi ruhusa, kisha mpe rafiki asiyesoma saikolojia aisome kwa sauti. Kila mahali atakaposita, weka alama ya penseli, na hapo ndipo pa kuanzia kuandika upya.